Mshale Uliosema Hamsini

Nakumbuka asubuhi moja ya siku ya soko pale Ikutha, mwanangu, tulipocheka mpaka chai ikapoa vikombeni. Aliyetuchekesha alikuwa mume wangu, Kioko. Alikuwa ametoka Kibwezi na pikapu yake, akaingia uani akipiga honi bila sababu, na kabla hata hajanawa mikono akatutangazia kwamba barabara ya kutoka Ikutha hadi Kibwezi imefupika. Alisema kwa uso mkavu, kama mtu anayesoma matangazo kanisani.

"Imefupika aje?" nikamuuliza.

"Nimesoma namba za kilomita kwa gari, kuenda na kurudi. Zimepungua. Labda serikali ilikuja ikakata kipande tukiwa tumelala."

Mdogo wake, Kyalo, alicheka hadi akashika mbavu. Mimi pia nilicheka. Tulikuwa vijana, mvua ilikuwa imenyesha vizuri mwaka huo, mbuzi walikuwa wanene, na mtu akiwa katika hali hiyo hucheka hata yasiyochekesha. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, na sijawahi kuikumbuka bila kujuta.

Nakuambia haya kwa sababu nawaona ninyi vijana. Siku hizi lami imefika kwetu, imenyooka kutoka Kitui hadi Kibwezi, na mimi ni bibi mzee anayekaa barazani akichambua kunde, sina shughuli kubwa ila kutazama nani anapita. Naziona pikapu zenu mlizoziinua, matairi makubwa yamechomoza nje ya bodi, zimesimama kama mbuzi aliyenyanyuka kwa miguu ya nyuma kufikia majani. Zinapendeza, sikatai. Hata sisi tulikuwa na macho. Lakini moja ikipita kwa kishindo hasira hunipanda, kisha hushuka, na kinachobaki ni huzuni tu. Basi nimeona heri niseme, unisikie au usinisikie.

Kioko hakuwa dereva mbaya. Hilo ulishike tangu mwanzo, maana ungekuwa ni mkasa wa mlevi au wa mtu wa mbio nisingekusumbua nao, ungeupata kwa mwingine yeyote. Alikuwa mwangalifu hadi akachosha. Wenzake waliokuwa wakibeba mbuzi kutoka Ikutha kupeleka Kibwezi na Emali walimwita Shemasi, kwa sababu alikuwa akiona kibao kinachosema hamsini, basi anashuka hadi hamsini, kisha anaugusa mshale wa spidi kwa macho, halafu barabara, halafu mshale tena. Wanawake wenye watoto walikuwa wakimngoja yeye hata kama gari lingine limekuja kwanza. Nilijivunia jambo hilo. Nilikuwa nikipanda mbele pamoja naye siku za soko, na mimi pia nikazoea kuutazama mshale, kama unavyozoea kuitazama sufuria ya maziwa iliyo motoni.

Shida yake ilikuwa mchanga. Mbuzi wengi wazuri walitoka ng'ambo ya mto Tiva, na Tiva ukikauka si mto tena, ni uwanja wa mchanga unaomeza gurudumu hadi rimu. Pikapu yake ilikuwa ikizama pale kila mara, tukawa tunakata matawi, tunasukuma, tunaimba, mbuzi wanalia, na jioni tunafika nyumbani tumechoka kuliko mbuzi wenyewe. Basi akapata matairi mapana na marefu, yaliyotoka kwenye gari kubwa lililokuwa limekufa. Fundi akakata kidogo madigadi ili yasigusane, akayafunga. Pikapu ikainuka. Siku ya kwanza tulivuka Tiva bila mtu kushuka. Kioko alisimama ng'ambo, akaugeukia mchanga, akauvulia kofia kama anayeaga adui. Matairi ya kwanza, yale madogo, tuliyatupa nyuma ya ghala, kuku wakaanza kutagia ndani.

Ni baada ya hapo barabara "ikafupika."

Mwanangu, gari halina macho. Halijui limetoka wapi wala limefika wapi. Linahesabu mizunguko ya gurudumu tu, na kutokana na hesabu hiyo linakuambia umbali na linakuambia mwendo. Ukiliwekea gurudumu kubwa zaidi, kila mzunguko unakwenda mbele zaidi ya ule wa zamani, lakini gari linaendelea kuhesabu kama kwamba hakuna kilichobadilika. Linasema umetembea kidogo, kumbe umetembea zaidi. Linasema unakwenda polepole, kumbe unakwenda kasi zaidi. Nasikia magari mengi hutoka kiwandani mshale ukiwa umetiwa chumvi kidogo, unaonyesha mwendo mkubwa kuliko ulivyo kweli, ili dereva abaki na nafasi ya kukosea. Matairi makubwa huimeza nafasi hiyo kwanza, kisha yanaendelea kula. Haya nimeyajua baadaye, na ninayajua vizuri kuliko ninavyotaka.

Asubuhi ile ya kicheko ni mtu mmoja tu ambaye hakucheka. Huyo ni mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto, akipuliza kikombe chake. Alingoja tunyamaze.

"Hiyo barabara nimeitembea kwa miguu nikiwa na mimba," akasema. "Nilimzaa Kyalo hapo njiani, nikitoka Kibwezi. Ndio maana anaitwa Kyalo, mtoto wa safari. Uniambie mimi imekuwa fupi?"

"Mama, ni mzaha tu," Kioko akasema. "Ni hizo tairi kubwa. Namba zinapungua kidogo."

"Na kama inakudanganya kwa njia, haikudanganyi kwa mwendo?"

Kioko akasita. Nilimwona akisita, mwanangu, na ningekuwa na uwezo wa kurudi mahali pamoja tu katika maisha yangu ningerudi hapo. Alikuwa mtu wa akili. Swali lilimwingia, likazunguka kichwani mwake, na nikaona linataka kukaa. Kisha Kyalo akamtania kwamba sasa mama amekuwa fundi, sote tukacheka tena, na swali likatoka mlangoni.

"Inaweza kuwa hivyo," Kioko akasema. "Lakini ni kidogo, mama. Ni kidogo tu."

"Haya. Mimi nimesema," Mwaitu akajibu, akaendelea kupuliza chai yake.

Miezi ikapita. Kyalo akapata msichana, binti wa watu wa Matiliku aliyekuja Ikutha kumtembelea shangazi yake na akarudi kwao akiwa amemwachia Kyalo homa isiyo na dawa. Kijana hakula, hakulala, alifua shati moja kila jioni. Tukamcheka sana. Mwaitu akasema afadhali apelekewe ntheo huko kabla hajatufia mikononi. Alisema hivyo kwa mzaha.

Kwetu Ukambani, wewe uliyekulia mjini labda hukuambiwa, ntheo ndiyo ndoa yenyewe. Wale mbuzi wa kwanza wakishafika kwa kina msichana na wakapokelewa, msichana ni wenu. Kanisa linaweza kuja baadaye, na pete inaweza kuja baadaye, lakini wazee wakiulizwa kama huyu ni mke wa fulani huuliza jambo moja tu: mbuzi wa ntheo walifika? Kwa hiyo siku ya kuwapeleka ni siku ya furaha na ya hofu kidogo, na hakuna anayetaka kuchelewa.

Tuliondoka asubuhi. Mbele tulikuwa watatu: Kioko kwenye usukani, mimi katikati, na Mzee Nzioka mlangoni. Mzee Nzioka alikuwa ndugu yake Mwaitu, naye ndiye aliyekuwa aseme maneno ya ntheo kwa niaba ya nyumba, maana baba yake Kioko alikuwa amefariki. Nyuma walikuwa mbuzi na vijana wa ukoo, na Kyalo katikati yao. Tulimwambia aje mbele tubanane, bwana harusi asifike na vumbi kichwani. Akakataa. Alisema yule beberu ni mkaidi na hawezi kumwachia mtu mwingine amshike. Alikuwa amevaa lile shati. Mwaitu alibaki nyumbani kupika isyo, mahindi na maharagwe, ya kutupokea jioni, na wakati tunatoka alizunguka gari, akapiga bodi kwa kiganja upande wa Kyalo, akasema, "Enda uniletee mtu wa kunisaidia kuteka maji."

Kutoka Ikutha hadi Kibwezi ilikuwa njia ya udongo wakati huo, tulikwenda kwa mwendo wa kobe. Kibwezi tukaingia lami, barabara kuu ya Mombasa, tukaelekea juu kama mtu anayekwenda Emali. Nyuma walianza kuimba. Kioko alifurahi lakini hakukimbia. Mzee Nzioka hata alimtania, akamuuliza kama anapeleka mbuzi au mayai.

Kati ya Kibwezi na Emali palikuwa na mahali barabara inateremka, inapinda, kisha inavuka korongo. Palikuwa na kibao cha hamsini. Kioko alipajua, alipapita kila wiki. Akapunguza. Nikautazama mshale kama nilivyozoea, na ulikuwa hamsini. Haukuwa juu ya hamsini. Ningeitwa mahakamani ningeapa, na mpaka leo ukiniamsha nikiwa usingizini nitakuambia hivyo hivyo. Mshale ulikuwa hamsini.

Tukaingia kwenye kona, na nikahisi gari limekuwa refu mno. Mbuzi wote waliteleza upande mmoja, na vijana pamoja nao. Kioko akakaza usukani. Kwa muda mfupi nilidhani tumeponea. Kisha upande wangu wa kushoto ukashuka, upande wa Kioko ukapanda juu, Mzee Nzioka akasema neno moja tu, "Ngai," Mungu, na pikapu ikalala ubavu ndani ya mtaro.

Sitakueleza kila kitu. Vijana wengine waliumia, mmoja mkono, mwingine bega, wakapona. Mzee Nzioka alitoka damu puani. Kyalo alikuwa ametupwa mbali na wenzake, upande wa mawe. Kioko alimfikia kwanza. Nilipofika alikuwa amemweka kichwa mapajani, anampangusa vumbi usoni kwa ncha ya shati lake, anampangusa tu, na nilipoona namna anavyompangusa nilijua.

Watu walikusanyika, kama wanavyokusanyika. Wachungaji wa pale waliwafuata mbuzi waliokimbilia vichakani, wakawarudisha wote. Hawakuwa na jeraha la maana. Mzee mmoja mpita njia, alipoambiwa tulikuwa tukienda wapi, alisema kwa nia njema kwamba mbuzi ni wazima, wangeweza kutafutiwa gari lingine wafike, ahadi ya marehemu isivunjike. Mzee Nzioka alikuwa ameketi chini, kitambaa puani. Akainuka.

"Hawa mbuzi wakifika Matiliku leo, huyo msichana atakuwa mjane wetu," akasema. "Ni mtoto. Hajapika hata chai kwetu. Wacha mbuzi zirudi."

Mbuzi wakarudi Ikutha pamoja na maiti. Binti yule aliolewa kwingine baada ya muda, nasikia ana wajukuu, na kila nikikumbuka uamuzi ule namwombea mzee yule raha huko aliko.

Sasa nikuambie kuhusu Kioko, maana Kyalo alizikwa na mateso yake yakaisha.

Polisi walimuuliza alikuwa akienda kasi gani. Akasema hamsini. Kanisani aliulizwa kwa upole, akasema hamsini. Sokoni hakuulizwa, sokoni watu walikuwa na majibu yao tayari: alikuwa akishindana na basi, alikuwa amechelewa ntheo, alikuwa amelewa furaha. Wale wale waliomwita Shemasi sasa walisema walijua tangu zamani kwamba ni mnafiki. Hayo yote aliyavumilia. Jambo moja lilimshinda, nalo ni mama yake.

Mwaitu hakumtukana. Hakumfukuza. Alimpakulia chakula kama kawaida, akamwekea mahali pake pa kawaida. Lakini tangu tulipofukia kaburi hakulitaja tena jina lake. Akimtaka alisema, "Mwambie huyo mwenye gari aje." Mwenye gari. Mtoto wake wa kwanza, aliyembeba mgongoni wakati wa njaa. Siku moja Kioko alipiga magoti mbele yake mchana, watu wakiona, akasema, "Mama, nilikuwa hamsini. Haki ya Mungu, nilikuwa hamsini." Mwaitu akaomba apitishiwe ungo.

Nilikwenda mimi. Nilikuwa na hasira, nakiri, nilikuwa na ulimi mkali kuliko huu wa sasa.

"Mwaitu, mimi nilikuwa nimekaa hapo katikati. Mshale niliuona na macho yangu."

"Wewe ni mke wake," akanijibu. "Ungesema nini kingine?"

Kioko alikonda. Aliniambia, "Nduku, sitaki watu waniamini. Sitaki hata mama anisamehe. Nataka tu aseme ananiamini. Akisema hivyo nitaweza kulala." Ndilo lililokuwa jambo lake pekee katika dunia hii, na aliling'ang'ania. Alijua alichokisoma. Alijua hakuwa mwongo. Mtu akiwa amepoteza kila kitu, hubaki ameshika kitu kimoja, na yeye alikuwa ameshika hamsini.

Pikapu ilikuwa imevutwa hadi Kibwezi kwa fundi. Hakutaka kuiona, lakini nyumba ililishwa na gari hilo, na wadogo zake wengine walikuwa shuleni. Yale matairi makubwa yalikuwa yamechanika kwenye mawe. Fundi akasema tumletee yoyote tuliyo nayo. Tukawatoa kuku nyuma ya ghala, tukayasafisha yale madogo ya zamani, tukayapeleka kwa gari la watu.

Siku ilipotengenezwa Kioko alikwenda kuichukua peke yake. Alirudi alasiri. Hakupiga honi. Aliingia uani polepole, akasimama, na hakushuka. Nikangoja. Nikampelekea maji mlangoni. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama namba za kilomita.

"Nduku," akasema, "barabara imerudi vile ilikuwa."

Mwanzoni sikuelewa. Nilidhani ni akili imemtoka. Kisha nikaelewa kidogo kidogo, kama baridi inavyopanda kutoka miguuni. Barabara haikuwa imefupika kamwe. Na kama namba zilipunjwa, mshale nao ulipunjwa, vyote vilikula kutoka gurudumu lile lile. Ule mshale wangu, niliokuwa tayari kuapa kwa ajili yake, niliuona sawasawa, lakini haukusema kweli. Katika ile kona, gari likiwa juu na zito, watu na mbuzi wamesimama nyuma, hatukuwa hamsini. Tulikuwa tumepita.

Hakuna mtu mwingine aliyejua. Fundi hakujua, polisi hawakujua. Angenyamaza tu, angebaki na hamsini yake mpaka kufa, na hakuna ambaye angemnyang'anya. Nilimwona akiliwaza hilo, maana alikaa garini mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye gurudumu. Kisha akashuka, akaenda moja kwa moja kwa mama yake, aliyekuwa akipepeta mbaazi nyuma ya jikoni. Nikamfuata kwa mbali.

"Mama, nilikwambia nilikuwa hamsini."

"Ulisema."

"Mshale ndio ulikuwa hamsini. Gari ilikuwa imepita hapo. Si sana, lakini ilikuwa imepita. Nimejua leo. Ni zile tairi."

Mwaitu akaendelea kupepeta, mara mbili, mara tatu, kisha ungo ukatulia.

"Kwa hivyo hukunidanganya," akasema.

"Sikukudanganya, mama."

"Nakuamini, Kioko."

Akalitaja jina lake. Nikaona mabega ya mume wangu yakishuka, nikaona machozi yakimtoka, na mimi nikajishika mdomo kwa furaha. Nilidhani tumefika mwisho wa mateso. Nilikuwa bado kijana, mwanangu, nilidhani kuaminiwa ndiyo kupona.

"Kila siku nilikuwa naomba Mungu uwe umenidanganya," Mwaitu akasema. Hakupaza sauti. "Mtu akidanganya, anatubu, mama yake anamsamehe, wanaendelea. Sasa wewe nikusamehe nini? Ulienda vile ulisoma. Na mimi nilikwambia hiyo kitu haisomi sawa. Ukaniambia ni kidogo."

Mwaitu akamwinulia macho.

"Hiyo kidogo ilikuwa ngapi? Nionyeshe."

Kioko akafikiri, kama mtoto aliyeulizwa na mwalimu. Akainua mkono, akatenganisha kidole gumba na kidole cha pili, akapima hewani ile nafasi ya kwenye uso wa saa ya spidi, kutoka hamsini hadi pale mshale ulipopaswa kuwa. Haikuzidi upana wa punje ya mahindi. 

Mwaitu aliitazama nafasi ile. Mtoto wake mzima alikuwa amepita hapo. Akaweka ungo chini, akaushika ule mkono, akavikunja vidole vya Kioko kimoja kimoja mpaka kiganja kikafungika, akakishikilia kwa mikono yake miwili, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalia kwa sauti.

Hakumwambia kwamba amemsamehe. Hakumwambia siku hiyo wala siku nyingine. Alimwita kwa jina lake mpaka alipofariki, na akamwombea, na mwaka aliougua alikataa kunyweshwa uji na mtu mwingine isipokuwa yeye. Labda huo ndio uliokuwa msamaha, sijui. Kioko aliingoja sentensi ile na haikuja. Aliiacha pikapu, akafuga mbuzi, akawa akienda Kibwezi kwa mabasi ya watu. Alijaribu kuwaambia madereva wenzake juu ya matairi. Walimsikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa mfiwa, halafu wakaambiana kwamba tofauti yenyewe ni kidogo. Amelala sasa karibu na mama yake na mdogo wake, na mimi nina nafasi yangu hapo, nimeshawaonyesha watoto.

Basi, mwanangu, nisikilize. Sikukatazi kuinua gari lako. Mchanga wa Tiva ni ule ule na mimi si mjinga. Lakini siku utakapobadilisha tairi, ujue umebadilisha pia maneno ya mshale wako. Usiyaamini tena mpaka uyapime. Sisi hatukuwa na cha kupimia, nyinyi mna simu mfukoni zinazojua mnakwenda kasi gani hata mkiwa mmelala kitini. Mpe mwenzako ashike simu, wewe uendeshe, alinganishe mara moja mahali palipo wazi. Au tazameni mawe ya kilomita kando ya barabara, mwone kama gari linayahesabu sawa. Ukikuta tofauti, mwambie fundi arekebishe, na kama hawezi, iandike uibandike kwenye dashibodi mahali utakapoiona, ili na mwingine atakayeazima gari aione. Na ukibeba watu nyuma, au chochote chenye miguu, ingia kwenye kona kwa mwendo wa chini kuliko kibao kinavyosema. Kibao hakijui umebeba nini.

Kuna na lingine, na hili ndilo lililonifanya nifungue mdomo. Yako makosa yanayotuudhi, hayo huwa tunayakimbilia kuyarekebisha. Pikapu ile ingekuwa inasoma zaidi, ikimwambia Kioko amekwenda mbali kuliko alivyokwenda, ikimpa hofu ya mwendo asio nao, angekuwa kwa fundi kesho yake akipiga kelele. Lakini ilimpunguzia. Ilimfanyia njia fupi na ikamfanya aonekane mpole. Kosa likikupendeza, mwanangu, hapo ndipo uwe mkali. Mizani inayokupa zaidi, saa inayokupa muda zaidi, rafiki anayekusifia zaidi, uvisimamishe vyote uviulize. Na mtu mzima akikuuliza swali likakufanya usite, usilifukuze kwa kicheko. Kaa nalo. Hata kama aliyeuliza hajawahi kushika usukani.

Usitosheke kwamba hukudanganya. Kioko hakudanganya. Ukweli wako unaweza kuwa mzima kabisa na bado mtu akafa ndani yake. Ulizia kama unachokisema kwa moyo safi ndicho kilichopo.

Nimechoka sasa, na kunde zangu zimebaki nusu. Mungu wa babu zako na wa kanisa lako akutangulie barabarani. Akupe macho ya kuona kona kabla haijakuona, na sikio la kumsikia mama yako. Akuepushe na lile lililotupata sisi. Na kila utakayembeba nyuma ya gari lako, mwanangu, ashuke kwa miguu yake mwenyewe, ajipanguse vumbi kwa mkono wake, aingie kwao akiita hodi.